Siku Nilipolipiga Jiwe la Mama

Mama yangu hakuwahi kukata kucha. Nililigundua hilo nikiwa mtu mzima, nimepanga chumba Itigi, siku nilipomwona mke wa mwenye nyumba amekaa barazani anajikata kucha kwa wembe. Nilisimama nikamtazama mpaka akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nilikuwa najaribu kumkumbuka mama akifanya kazi ile, na sikumkumbuka hata mara moja. Hakuwa na haja. Alisaga uwele kwenye jiwe, na jiwe lilimkata kucha kila siku.

Jiwe lenyewe lilikuwa mawili. Lile la chini, pana, lililoinama kidogo mbele, tuliliita mama. Lile dogo la kushikwa kwa mikono miwili tuliliita mtoto. Msagaji hupiga magoti, hutia kiganja cha nafaka, halafu humsukuma mtoto mbele na kumvuta nyuma, na unga hushukia kwenye ngozi ya mbuzi iliyotandikwa chini. Katika kwenda na kurudi, ncha za vidole huburuzika kidogo. Ndiyo maana vidole vya mama vilikuwa bapa mbele, na kucha zake fupi kama za mtoto mchanga.

Kwetu ni nje kidogo ya Sepuka. Mawe hatukuyakosa. Bibi yangu, aliyemzaa baba, ndiye aliyemwachia mama jiwe lile alipoolewa, na bibi naye alilikuta. Mimi ndiye kifungua mimba, na kwa kuwa nilikaa miaka mingi bila dada, kazi moja ya jikoni iliniangukia, nayo ni kuliamsha jiwe. Jiwe likisagiwa sana hulala. Uso wake unakuwa laini, unang'aa, punje zinateleza badala ya kuvunjika, na msagaji anachoka bure. Hapo mama aliniita. Nilichukua jiwe jeupe gumu tulilolihifadhi juu ya dari la jiko, nikakaa nimelipanulia miguu jiwe la chini, nikaanza kuligonga taratibu, kidogo kidogo, ta, ta, ta, kuanzia juu hadi chini, mpaka uso wote ukawa na vishimo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Halafu nikamgeukia mtoto nikamfanyia vilevile.

Nikimaliza, mama alipitisha kiganja. Alifumba macho akipitisha.

"Hapa bado limelala," alisema. "Liamshe."

Nikaongeza. Akapitisha tena.

"Sasa limeamka. Una mkono, mwanangu. Baba yako alilipiga mara moja akataka kulipasua."

Kisha alisaga kiganja kimoja cha uwele, na unga ule wa kwanza hatukuula. Una changarawe. Ulimwagwa uani, kuku wakaufagia kwa midomo. Wa kwanza ni wa kuku. Hivyo ndivyo tulivyosema.

Mashine ya kusaga ilipofika kijijini, wengi waliyageuza mawe yao kuwa ngazi za mlangoni. Mama alipeleka mahindi mashineni, lakini uwele na ulezi wa uji aliendelea kusaga mwenyewe. Alisema unga wa mashine unatoka na homa. Alisema kweli. Uushike unapotoka, unaunguza.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya kunitosha kusoma gazeti. Nikaondoka. Nilianza na Itigi, nikashuka Tabora, nikaenda Kahama, baadaye Makambako, Songea, na vijiji vingi katikati ambavyo leo nikivikumbuka navikumbuka kwa mashine zake. Nilikuwa nimejifunza ufundi wa mashine za kusaga na za kukamua alizeti. Ni kazi inayomfaa mtu asiyeweza kukaa. Unafika, unabadilisha beringi, unanyoosha shafti, unapaka grisi, unakula, unaondoka. Kila mahali nilipofika nilipapenda kwa wiki mbili, halafu nikaanza kupakumbuka mahali nilipotoka. Nilipokuwa Songea niliitamani Kahama, na Kahama sikuipenda nilipokuwa nayo.

Ninachojua kuhusu kulika kwa vitu nilikijua kwa sikio. Unaweka bisibisi juu ya nyumba ya beringi, unaweka sikio kwenye mpini, unasikiliza. Beringi nzima inanong'ona. Inayokufa inakwaruza, kama mtu anayetafuna mchanga polepole. Ukiifungua unakuta mahali pamelika pakang'aa. Kwangu mimi kung'aa ni ugonjwa. Sijawahi kuona chuma kimeng'aa mahali pasipotakiwa nikafurahi.

Mama alinipigia simu kila mwisho wa wiki. Hakuuliza uko wapi. Aliuliza, "Umefika wapi sasa?" kama vile nilikuwa bado njiani, nakuja. Namsalimia, "Shikamoo mama," anaitika, ananieleza mvua na mbuzi, na mwishoni anasema, "Jiwe limelala."

"Mwambie mtu aliamshe, mama."

"Nani? Wanalipiga kama wanaua nyoka. Nakungoja wewe."

"Nakuja baada ya mavuno ya alizeti."

Mavuno ya alizeti yalipita mara sita. Baada ya alizeti mashine nyingi hukaa na ubovu wake, na fundi anatakiwa kila upande. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Sababu ya kweli siijui. Naogopa kwamba hakuna. Kila mara akasema jiwe limelala, kila mara nikaahidi, na yeye akaendelea kusagia jiwe lililolala miaka sita, na magoti yake yakiwa yameshaharibika.

Mdogo wangu, dada pekee niliye naye, nimemtangulia kwa miaka kumi na minne. Akili ambazo kichwa changu kilinyimwa alipewa yeye. Alisoma mpaka akavuka bahari, na sasa yuko kwenye chuo cha nchi ya theluji, anasomea udaktari usiotibu watu. Mama alipokufa, ghafla, kwa presha, mimi nilikuwa kijiji kimoja mbele ya Songea ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu. Nilipanda kichuguu siku ya tatu. Dada yangu alitoka kwenye theluji akamkuta mama bado yuko juu ya ardhi. Mimi niliyekuwa ndani ya nchi nilikuta udongo umeanza kukauka.

Hakuna aliyenisema. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye ni mjane na ndiye aliyebaki kwenye mji ule, kwa kuwa baba alishatangulia zamani, alipokea shikamoo yangu, akanipa maji ya kuoga, akanitengea ugali. Nilimwona mchana ule akilinyanyua jiwe la kusagia pamoja na jirani mmoja, wakaligeuza, wakalilaza kifudifudi pembeni mwa jiko, na mtoto wakamweka chini ya uvungu wake. Katika ukoo wetu jiwe la mwanamke aliyekufa hulazwa hivyo. Binti yake ndiye hulifunua, siku atakayotaka kulichukua.

Siku za matanga ni ndefu, na dada yangu alizoea kazi. Mchana mmoja tulikaa kivulini nyuma ya nyumba, mama mdogo anapepeta, na mimi nikamwuliza hasa anasomea nini huko.

"Msuguano," akasema. "Na kulika. Vitu viwili vikisuguana, nini kinatokea pale vinapogusana."

Mama mdogo aliacha kupepeta. "Umevuka bahari kwenda kujifunza kusugua? Masufuria yote yale yako jikoni, ningekufundisha mimi bure."

"Hayo masufuria ndiyo somo lenyewe, mama mdogo. Steelwool inaondoa nini? Masizi peke yake?"

"Na sufuria."

"Umefaulu. Njoo nikuandikishe."

Tulicheka, na sote tulijua mama angecheka kuliko sisi.

Akatueleza. Alisema vitu viwili ukiviweka pamoja unadhani vimegusana kote, kumbe sivyo. Aliinua mkono akaonyesha mawe makubwa ya kilimani, yale yaliyobebana. "Chukua kilima kile, ukigeuze juu chini, ukiweke juu ya kilima kingine. Vitagusana wapi? Kwenye vilele vichache tu. Hata kioo na kioo ni hivyo, ukikisogelea vya kutosha. Uzito wote unabebwa na vilele. Ndivyo vinavyovunjika."

"Hilo nalijua kwenye beringi," nikasema.

"Wewe unalijua kwa sikio, kaka. Mimi nalitafuta kwa sindano."

Sindano yake alinionyesha kwenye kompyuta yake. Imechongwa mpaka ncha yake haionekani kwa jicho wala kwa miwani ya kukuzia. Wanaiburuza juu ya kitu kwa uzito mdogo kuliko wa unyoya, na kijiti kilichoibeba kinapinda kidogo, na mwanga unaopigwa juu ya kijiti unasogea, na kompyuta inasoma kusogea kwake. Kazi yote hiyo ili kupima kitu kinachoitwa nanomita. Nilimwambia anipe mfano wa mtu aliyeishia kidato cha nne.

Alitazama mkono wake. "Ukucha wako unakua," akasema. "Ukikaa ukautazama huuoni ukikua. Lakini unakua. Kiasi unachokua kwa sekunde moja, tangu niseme hili neno mpaka lile, ni kama nanomita moja."

Nilikuwa nimekwenda kwenye vidole vya mama. Nilikuwa nahesabu, bila kutaka, sekunde zote ambazo ukucha wake ulikua na jiwe likazichukua.

Alinionyesha picha ya chuma kilichokwaruzwa na sindano ile. Nilikiona kama shamba la Kintinku lililolimwa kwa ng'ombe, matuta na mifereji, na udongo umesukumwa pembeni. Nikamwambia. Akasema ndivyo hasa, na kwamba wakati mwingine kabla ya kulima huko, juu ya kitu hujengwa ngozi. Vumbi la vitu vyenyewe likichanganyika na mafuta na maji, likikandamizwa kwa miaka, huwa utando mwembamba sana unaong'aa. Utando huo ndio unaoamua kitu kitalika au kitadumu. Alitaka kujua unajengwaje. Huko kwao wanautengeneza ndani ya mashine kwa siku mbili, na haukai.

Hayo niliyasikia. Nilikuwepo. Nayaandika ili mtu asiseme sikuambiwa.

Aliondoka, nami nikaondoka. Nilirudi barabarani, lakini sikwenda mbali. Nilizunguka Manyoni, nikashika mashine moja ya Kintinku iliyokuwa inapasua shafti kila mwezi. Nilikuwa na miaka arobaini na minne na kwa mara ya kwanza sikutamani mahali nilikotoka, kwa kuwa mtu niliyekuwa namtamani huko hakuwepo. Simu haikuita tena mwisho wa wiki. Nilikuwa naishika tu.

Kisha ikaita, dada yangu.

"Kaka, jiwe la mama lipo?"

"Lipo. Limelazwa pale pale."

"Nakuja mwezi wa nane. Nimemweleza profesa wangu habari ya jiwe lile, amekubali liingie kwenye utafiti wangu. Mwambie mama mdogo asimpe mtu."

"Hatampa mtu."

Nikawa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu msiba. Nilimaliza mashine ya Kintinku, nikafika nyumbani siku mbili kabla yake. Njia nzima niliwaza jambo moja. Binti anakuja kulifunua jiwe la mama yake, na amewaambia watu wakubwa kulihusu, na akilifunua atakuta nini? Atakuta jiwe limelala usingizi wa miaka sita. Kwetu mtu akirithi jiwe butu ni kama amepewa jembe lisilo na mpini. Tena angejua ni nani aliyepaswa kuliamsha. Lingemwambia lenyewe.

Nilimwomba mama mdogo ruhusa ya kuligeuza.

"La kugeuza ni lake," akasema.

"Nitaligeuza, niliamshe, nililaze tena. Atalifunua yeye likiwa na meno."

"Dada yangu alisukuma jiwe lile mpaka jasho linadondokea kwenye unga," akasema. "Nikamwambia niliamshe mimi. Akakataa. Akasema fundi wake yuko njiani." Halafu akageuka kwenda zake. "Haya, fundi. Umefika."

Nililigeuza. Uso wake uling'aa kama maji. Sijawahi kuona jiwe limeng'aa vile. Ilikuwa karibu nione kivuli changu ndani. Katikati palikuwa pamekuwa na rangi ya asali iliyoiva. Nilipitisha kiganja nikaona aibu iliyonifanya nitazame kama kuna mtu karibu. Kila chembe ya mng'ao ule ilikuwa ahadi moja niliyoitoa kwenye simu. Jiwe jeupe lilikuwa bado pale pale juu ya dari la jiko, limekaa miaka yote hiyo, na masizi juu yake.

Nilipiga asubuhi yote. Nilipiga vizuri. Nadhani sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, hata kwenye mashine za watu walionilipa vizuri. Nilifumba macho nikapitisha kiganja kama yeye, nikajiambia mwenyewe hapa bado, liamshe. Nikamaliza mama, nikamaliza na mtoto. Nikapangusa vumbi jeupe kwa ufagio wa manyasi mpaka pakawa safi, nikasaga kiganja cha uwele, nikaumwaga uani, pamoja na vumbi lote. Kuku wakaja mbio. Nikaligeuza jiwe, nikalilaza. Nililia kidogo, na kilio kile kilikuwa kizuri.

Dada yangu alifika kesho yake na sanduku dogo la bati alilolibeba mapajani safari nzima. Alipomaliza kumwamkia mama mdogo hakutaka hata chai. Alivaa glavu nyembamba, akapiga magoti jikoni, tukalifunua pamoja.

Alikaa vile vile amepiga magoti. Alisogeza uso karibu na jiwe. Kisha akatoa lenzi, akaiweka jichoni, akatazama sehemu moja, akasogea, akatazama nyingine, taratibu, mpaka akalimaliza jiwe zima. Nilikuwa nyuma yake nangoja aniambie nina mkono.

"Kaka. Umelipiga?"

"Nimeliamsha. Jana. Lilikuwa limelala kabisa, usingelitamani."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Alivua glavu moja, halafu nyingine, akazikunja pamoja. "Ngozi," akasema. "Nilikuwa nafuata ngozi yake."

Hapo ndipo maneno ya siku za matanga yaliponirudia, yote, kwa mpangilio, kama mtu anayenisomea.

Hakupaza sauti, na ningefurahi kama angepaza. Alinieleza kama anavyomweleza mwanafunzi. Jiwe likiamshwa kila baada ya miezi michache, ngozi haipati muda. Inataka miaka, mtu yule yule, nafaka ile ile, bila kupigwa. Hakuna mahali duniani anapojua palipokuwa na jiwe la namna ile, kwa kuwa hakuna msagaji mwenye akili anayekubali kusagia jiwe lililolala miaka sita. Mama alikubali. Mafuta ya uwele, vumbi la jiwe, jasho, kucha zake.

"Kucha zake zilikuwa humo?" nikauliza.

"Zingekuwa wapi kwingine?"

Akanyanyua kichwa ghafla. "Vumbi. Ulipolipiga, vumbi uliweka wapi? Hata vumbi ningelitumia. Hata kijiko kimoja."

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Ndiye aliyejibu.

"Wa kwanza ni wa kuku," akasema.

Dada yangu alitazama uani. Kuku walikuwa wanaparura pale pale, na jogoo mmoja, mwekundu, alisimama akatugeuzia jicho lake moja kama mtu aliyeitwa jina. Nilimwona dada yangu mdomo unamtetemeka nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema, "Kuku wamemla mama," akacheka mpaka akashika ubavu, na mama mdogo akasema, "Mwanangu, acha maneno hayo," naye akawa anacheka amefunika mdomo kwa khanga. Halafu kicheko cha dada yangu kikageuka ndani yake, akaketi chini sakafuni, na kile kilichotoka hakikuwa kicheko tena. Mama mdogo alimshika kichwa. Mimi nilitoka nje. Nilikwenda kusimama uani katikati ya kuku, sijui nikitafuta nini.

Jioni alifanya kazi hata hivyo. Alichanganya ute wa rangi ya samawati kutoka mirija miwili aliyokuja nayo sandukuni, akaumimina juu ya jiwe, ukaganda, akaubandua. Ute ule huchukua sura ya kila kitu, hata kidogo kisichoonekana. Aliushika kwenye mwanga wa mlango akautazama.

"Ni kazi nzuri sana, kaka," akasema, bila kejeli. "Vishimo vyote sawasawa."

"Ulisema haukai, huo utando. Huko kwenu."

"Haukai. Nilitaka kumwonyesha profesa ambao umekaa." Aliuweka ute ndani ya kopo, akaandika juu yake. "Na nilitaka kumwona mama. Nisikudanganye. Nilitaka kukaa na ile sindano nimwone anavyokwenda na kurudi."

Alikuwa aage baada ya wiki mbili. Aliondoka baada ya siku tano. Tulimsindikiza mpaka barabarani, akanikumbatia, akasema nisijitese, na nilimwona akiwa ndani ya basi ameliweka lile sanduku la bati chini ya kiti, si mapajani.

Siku iliyofuata nilikwenda kulilaza jiwe. Nilitaka nilifunike, niondoke. Kulikuwa na mtu Makambako ameniita kwa mashine ya alizeti. Nilipiga goti upande wa kushoto, pale mama alipokuwa akikaa, nikatia mkono chini ya ubavu wa jiwe ili nilinyanyue. Kiganja changu kikaingia mahali.

Sijui niseme vipi. Ubavu wote wa jiwe unakwaruza, haukuwahi kuchongwa na mtu. Lakini pale, upana wa kiganja, palikuwa laini, pamebonyea kidogo sana, na vidole vyangu vinne vikakuta mahali pao upande wa chini. Niliinama nikatazama. Palikuwa pana mng'ao mdogo wa rangi ya asali.

Nilimwita mama mdogo. Hakuhitaji hata kuinama.

"Alikuwa anashika hapo kuinuka," akasema. "Magoti yalipomwisha. Anashika hapo, anamtaja Mungu wake, anainuka. Hukumwona. Ilikuwa miaka hii hii."

Miaka hii hii. Si bibi, wala aliyemtangulia bibi. Niliutoa mkono wangu kama mtu aliyeshika jiko.

Nilimpigia dada yangu. Alikuwa bado uwanja wa ndege. Nilimweleza. Kwa muda nilisikia tu tangazo la ndege ya mtu mwingine.

"Umepagusa?"

"Mara moja. Nilikuwa sijui."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Usipaguse tena. Wala usipaoshe, wala usiligeuze jiwe. Mkono wa mtu una mafuta na una vumbi, kila unapogusa unachukua kitu na unaacha kitu." Kisha akasema, "Huo si msuguano ninaosomea mimi, kaka. Ni mkono na jiwe, siyo jiwe na jiwe. Sidhani kama watanikubalia."

"Sawa."

"Lakini nakuja. Desemba. Linda tu."

Desemba hakuja, mambo ya chuo na kibali cha kusafiri. Akasema Juni. Juni imepita. Sasa anasema mwakani, na nikisikia sauti yake najua anamaanisha, na najua pia sauti ya mtu anayesema nakuja, kwa kuwa niliitumia miaka sita.

Mtu wa Makambako alipata fundi mwingine. Nimekaa hapa mwaka na miezi, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu kidato cha nne. Natengeneza mashine za karibu, zile ninazoweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mabasi yakipiga honi kwenye barabara kuu mwili wangu husimama wenyewe kabla sijaamua, halafu naukalisha. Jiwe nimelijengea kizuizi cha fito, na juu nimelifunika gunia safi ambalo haligusi ule ubavu. Mama mdogo anasaga ulezi wake mashineni siku hizi, analalamika homa ya unga.

Asubuhi nalifunua gunia kidogo ili mwanga wa mlangoni ufike pale. Natazama. Mikono naiweka nyuma. Kuku wakichungulia mlangoni nawafukuza, halafu nalifunika tena.